Bwawa linarudi kijani kila wiki mbili na klorini ipo: tatizo liko wapi?

*"Habari mtaalamu. Nina bwawa dogo la kuogelea nyuma ya nyumba, Mbezi Beach. Ni la zege na vigae, mita 8 kwa 4, kina mita 1 upande mmoja na 1.8 upande wa pili. Maji ni ya kisima kirefu. Kwa miaka miwili tumekuwa tukitumia vidonge vya klorini vya gramu 200, viwili kila wiki, kwenye kile kidude kinachoelea. Siku hizi kila baada ya wiki mbili maji yanageuka kijani na kuta zinateleza. Kijana anayetuhudumia anamwaga mrututu, yanatakata, halafu yanarudi palepale. Kipimo cha matone kinatoa njano iliyokolea, maana yake klorini ipo. Wapo wanaosema klorini ninayouziwa ni feki, wapo wanaosema kisima ndicho kina mwani, na kijana anasema tumwage maji yote. Nifuate lipi? Jumamosi hii watoto wana sherehe."*

Salama, ndugu yangu. Bwawa kugeuka kijani mara moja, baada ya umeme kukatika siku tatu au familia kusafiri, ni jambo la kawaida na dawa yake ni fupi. Lako linarudi kila wiki mbili huku kipimo kikikuambia klorini ipo, na hapo ndipo pa kuchimba. Ninachokishuku nakitaja mapema ili usome ukijua tunakokwenda: vidonge vyako vimejaza maji stabilaiza (kemikali inayoikinga klorini na jua) kupita kiasi, na klorini unayoiona kwenye kipimo imefungwa mikono.

Tuanze na hesabu, maana bila kujua ujazo wa bwawa utakuwa unamwaga dawa kwa kubahatisha. Kina chako cha wastani ni mita 1.4. Mita 8 mara 4 mara 1.4 ni karibu mita za ujazo 45, yaani lita 45,000. Kipimo cha ppm 1 ni gramu 1 ya dawa halisi katika kila lita 1,000, kwa hiyo kwako ppm 1 ya klorini ni gramu 45. Klorini ya unga ya kawaida, kalsiamu hipokloraiti ya asilimia 65, itakubidi uweke kama gramu 70 kupata hiyo ppm 1. Iandike namba hiyo 70 kwa kalamu ya wino mzito ukutani kwenye chumba cha pampu.

Sasa vidonge. Kidonge kile kikubwa cheupe kimetengenezwa kwa klorini iliyounganishwa na asidi ya sianuriki, ambayo mafundi huiita stabilaiza. Kazi yake ni kuikinga klorini na jua. Bila stabilaiza, jua la saa sita mchana linaweza kula nusu ya klorini yote ndani ya muda usiofika saa moja. Stabilaiza huishika klorini na kuiachia kidogo kidogo, kama mama mwenye nyumba anayepima unga kwa kibaba. Ikiwa ppm 30 hadi 50 inatosha kabisa.

Shida ni kwamba klorini inatumika na kuisha, lakini stabilaiza haiishi. Haivukizwi na jua, haiondolewi na chujio. Inatoka tu pale maji yenyewe yanapotoka. Kila unapopata ppm 10 za klorini kutoka kwenye vidonge, unapata na ppm 6 za stabilaiza. Vidonge vyako viwili kwa wiki ni gramu 400, na kwa bwawa la lita 45,000 hiyo ni karibu ppm 5 za stabilaiza kila wiki. Miezi sita, karibu ppm 130. Wewe una miaka miwili. Hata tukitoa maji yaliyopotea kwenye kuosha chujio na kufurika kwa mvua za masika, sitashangaa kipimo kikisoma 150 na zaidi.

Stabilaiza ikifika huko, inaishika karibu klorini yote na kinachobaki huru ni kidogo mno kuua mwani. Kanuni inayotumika na watunzaji wengi wa mabwawa ni kwamba ili kuua mwani uliokwisha kuota, klorini ifike karibu asilimia 40 ya stabilaiza na ikae hapo. Stabilaiza ikiwa 40, unahitaji klorini ppm 16, jambo linalowezekana. Ikiwa 150, unahitaji ppm 60. Hapo ungekuwa unamimina zaidi ya kilo 4 za unga kwa mkupuo mmoja, na ungerudia asubuhi na jioni. Hakuna anayefanya hivyo, wala hapaswi.

Na ile njano iliyokolea inakudanganya mara mbili. Kwanza, matone yale ya bei nafuu yanayotoa rangi ya njano hupima klorini yote kwa jumla: iliyo huru, iliyoshikwa na stabilaiza, na hata ile iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo ikabaki kutoa harufu tu. Pili, hayakuambii stabilaiza ni kiasi gani. Nunua kipimo cha DPD, kile kinachotoa rangi ya waridi, chenye pia chupa ya kupimia pH (kiwango cha uasidi wa maji), na pamoja nacho kile kimrija cha stabilaiza chenye kitone cheusi chini. Unachanganya maji na dawa yake, yanakuwa na ukungu, kisha unamimina taratibu ukichungulia kwa juu hadi kitone kipotee machoni. Unasoma namba pale maji yalipofika. Pima mchana, nje, jua likiwa mgongoni kwako. Ikiwa kitone kinapotea mapema kabisa, kwenye alama ya 100, changanya maji ya bwawa nusu kwa nusu na maji ya kunywa, pima tena, zidisha mara mbili.

Nijibu na yale uliyoambiwa. Kisima kirefu kina giza, na mwani hauishi gizani. Vijimbegu vyake vinaletwa na vumbi, majani, upepo na nguo za kuogelea. (Ni ndugu wa mbali wa mwani unaolimwa Paje na Jambiani, ila hawa ni wadogo hadi huwaoni mpaka wawe mamilioni.) Kisima chako kinaweza kuleta chakula chao, naitreti na fosfeti, na kinaweza kuleta madini ya chuma, lakini mwani wenyewe hauanzii huko. Ukiwa na klorini huru ya kutosha, chakula kikiwepo hakuna mlaji.

Klorini feki? Si lazima iwe feki. Unga uliokaa dukani kwenye joto kwa mwaka mzima hupoteza nguvu. Jipimie mwenyewe. Jaza pipa safi la lita 200 maji yasiyo na klorini, weka robo ya kijiko cha chai cha unga, ambayo ni kama gramu 1, koroga dakika tano, pima. Unga mzima wa asilimia 65 utakupa karibu ppm 3. Ukipata chini ya 1.5, badilisha muuzaji.

Mrututu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ni kweli unaua mwani, kwa sababu ni shaba, na shaba ni sumu kwa mimea. Lakini robo ya uzito wa mrututu ni shaba tupu. Nusu kilo katika bwawa lako inaweka ppm 2.8, wakati Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha ppm 2 hata kwa maji ya kunywa, na kwenye bwawa watu wa kazi hii hawapendi kuvuka 0.3. Shaba haiishi kwa kuua mwani, inajilimbikiza kama stabilaiza. pH ikipanda inaganda kutani na kuacha madoa ya samawati au meusi kwenye saruji ya vigae, na nywele zenye rangi nyepesi zinaanza kuwa za kijani. Tena mrututu hauui vijidudu vya kuhara kwa kasi unayohitaji bwawani. Maji yanaonekana yametakata na bado yanaumiza. Mwambie kijana wako aupeleke kwenye nyanya na mizabibu.

Kwa kuwa shaba ipo na kisima kipo, kabla ya kutumia hata shilingi moja fanya jaribio la ndoo. Chota maji ya bwawa kwenye ndoo nyeupe ya lita 20. Ukiona maji ni kijani lakini yanaonyesha, unaona mkwaruzo mdogo wa chini ya ndoo bila shida, basi huo ni ukijani wa madini. Mwani hufanya maji yawe mazito na ya ukungu. Tia nusu kijiko cha chai cha klorini ya unga, koroga, acha kivulini hadi kesho yake. Kijani kikififia na kuwa kijivu, ni mwani. Maji yakigeuka rangi ya chai ya rangi, kisima chako kina chuma, na kumwaga klorini nyingi kwenye bwawa zima kutakuachia vigae vya kahawia. Kwa hali hiyo simama kwanza, peleka sampuli ya kisima kwenye maabara ya ubora wa maji.

Tuchukulie ni mwani, kama kuta zinazoteleza zinavyoonyesha.

Kijana wako anakosea kuhusu mrututu, lakini kuhusu kumwaga maji ana nusu ya ukweli. Stabilaiza ikiwa 150 na unataka 40, lazima zaidi ya asilimia 70 ya maji itoke, karibu lita 33,000. Ukishusha kwa mkupuo mmoja na kujaza, zinatosha hizo 33,000. Ukitoa nusu, ukajaza, ukatoa nusu tena, utafika karibu 38, ila utakuwa umetumia lita 45,000. Kama unajazia kwa boza la lita 10,000, tofauti hiyo unaisikia mfukoni.

Mbona basi nisikushauri mkupuo mmoja bila kusita? Kwa sababu ya maji yaliyo chini ya ardhi. Bwawa tupu ni kama mtumbwi: maji ya ardhini yakiwa juu kuliko sakafu yake, yanalisukuma kutoka chini, na zege linapasuka au bwawa zima linainuka. Ukanda wa pwani, hasa Machi hadi Mei na tena vuli ikikolea, maji hayo huwa karibu sana. Chungulia kisima kifupi cha kamba cha jirani. Ikiwa maji yake yako mita 2 kutoka usawa wa ardhi au karibu zaidi, usishushe bwawa chini ya nusu. Nenda kwa nusu mbili. Usimwage pia kuelekea kwa jirani au kwenye mtaro unaoishia bwawa la samaki, kwa kuwa maji yako yana shaba.

Baada ya kujaza, pima upya stabilaiza. Ikiwa karibu 40, kazi ya kuua inaanza, na mpangilio wake ni huu.

Rekebisha pH kwanza, kabla ya klorini. Kwenye maji ya kawaida, pH ikiwa 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali kali, ikiwa 8.0 inabaki karibu robo. Maji ya visima vingi vya pwani hupanda kwenda 8. Tumia asidi ya bwawa, nusu lita kwanza, ikiwa imechanganywa kwenye ndoo ya maji (asidi ndani ya maji, kamwe maji yasiingie kwenye asidi), mimina mbele ya bomba la kurudishia pampu ikifanya kazi, subiri saa 4, pima, ongeza kama bado. Ukishafika 7.2 acha kupima pH hadi kazi iishe. Klorini nyingi huichakachua rangi ya kipimo, ikawa zambarau, ukadhani pH imepaa ukaongeza asidi bure.

Kisha piga brashi. Kuta zote, sakafu, nyuma ya ngazi, ndani ya mdomo wa skima (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu), kwenye mistari ya saruji kati ya vigae. Mwani hujivika ute, na chini ya ute klorini haifiki. Ndiyo maana watu huwa na maji meupe wiki moja na kijani wiki inayofuata: waliua uliokuwa ukielea, wakauacha ulioshika ukuta. Ukikuta vitone vyeusi visivyotoka kwa brashi ya nailoni, hao wana mizizi kwenye saruji, tumia brashi ya waya, lakini kwa zege na vigae tu.

Jioni, jua likizama, weka klorini ya kufikia ppm 16: gramu 70 mara 16, kilo 1.1. Jaza ndoo maji, tia unga ndani ya maji kidogo kidogo (siyo zaidi ya gramu 300 kwa ndoo), koroga kwa mti, acha chokaa itue, mimina maji ya juu ukizunguka bwawa. Kopo la vidonge lisiwe karibu, na kijiko kilichogusa vidonge kisiguse unga: klorini za aina hizo mbili zikikutana hata unyevu kidogo tu zinaweza kuwaka moto na kulipuka. Vilevile klorini na asidi zikikutana hutoa gesi ya sumu. Vihifadhi vyumba tofauti.

Watu huuliza kama dawa ya kufulia ya asilimia 3.5 inafaa. Inafaa, ni klorini ileile, mradi haina manukato wala sabuni. Ila kwa ppm 10 tu ungehitaji karibu lita 13.

Pampu iende saa 24. Ya kilowati 0.75 itakula yuniti 18 za LUKU kwa siku, inauma, lakini ni kwa siku chache. Asubuhi na jioni pima klorini na rudisha kilichopungua: ukikuta 6, pungufu ni 10, ongeza gramu 700. Kipimo cha DPD kikizidiwa rangi inafutika kabisa, ukadhani klorini ni sifuri. Kwa hiyo changanya sehemu 1 ya maji ya bwawa na 4 za maji ya chupa, kisha zidisha jibu mara 5. Kosa kubwa ninaloliona kwenye mabwawa mengi liko hapa: watu wanamwaga kilo mbili usiku mmoja, wanafurahi, wanakaa siku tatu. Ndani ya saa chache mwani ulikuwa umeila klorini yote, na waliobaki wakaanza kuzaa upya.

Siku ya pili au ya tatu maji yatatoka kwenye kijani na kuwa kama maji ya kuoshea mchele. Hao ni wafu, sasa ni kazi ya chujio. Angalia geji ya presha: kumbuka ilikuwa ngapi chujio kikiwa safi, na kila ikipanda kwa nusu baa, osha kwa kurudisha maji nyuma dakika 2 hadi 3 mpaka maji kwenye kioo kidogo cha valvu yatakate, suuza nusu dakika, rudisha. Zima pampu kila unapogeuza mkono wa valvu. Ukiugeuza pampu ikiwaka, mpira wa ndani unatoka mahali pake na maji machafu yanaanza kuvuja kwenda nje siku zote bila wewe kujua.

Ukiwa na haraka kuna shabu. Kilo 1 hadi 2 iliyoyeyushwa, valvu kwenye mzunguko usiopitia mchanga, saa 2, kisha zima kila kitu usiku kucha. Asubuhi uchafu umelala chini kama pazia, unaunyonya polepole valvu ikiwa upande wa kumwaga nje. Utapoteza maelfu kadhaa ya lita, na ukikosea ukaupitisha kwenye mchanga utaganda kama ugali. Kama chujio chako ni cha katriji bila njia ya kumwaga, isahau. Mimi kwa bwawa la ukubwa wako ningesubiri chujio kifanye kazi yake siku mbili zaidi.

Utajuaje umemaliza? Pima klorini baada ya jua kuzama, pima tena kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kulaumiwa. Ikiwa imepungua zaidi ya ppm 1, kuna kitu kinaila, endelea. Ikiwa imepungua 1 au chini, na maji yanaonyesha hadi chini, acha ishuke yenyewe.

Baada ya hapo, klorini ya unga kila jioni, gramu 150 hadi 250, kuiweka ppm 3 hadi 5. Brashi mara moja kwa wiki. Pampu saa 8 kwa siku. Vidonge weka kwa ajili ya safari, na kila ukivitumia kumbuka ile ppm 5 kwa wiki. Kwa maji magumu ya kisima, klorini ya unga huongeza chokaa taratibu. Ukiona ukoko mweupe kwenye mstari wa maji, hamia klorini ya maji ya asilimia 10 hadi 12, ukinunua kidogo kidogo kwa sababu joto letu huila haraka.

Mwite fundi aje mwenyewe ukiona mchanga ukitoka kwenye bomba la kurudishia, maana kuna mrija umevunjika ndani ya chujio. Au ukishusha maji ukaona ufa au sakafu ikitutumka. Mtu akisikia mshtuko wa umeme akigusa maji au ngazi, zima swichi kuu, watu watoke, na asiingie mtu mpaka fundi umeme apime taa na pampu. Aliyevuta gesi ya klorini akawa anakohoa na kubanwa kifua apelekwe hospitali hata kama anasema anajisikia nafuu.

Na sherehe ya Jumamosi: hapana. Kumwaga, kujaza, kuua na kuchuja ni wiki nzima ukienda bila kukwama. Maji ya kijani ni hatari kwa jambo moja la wazi, mtoto akizama humwoni. Warudi majini siku ambayo ukisimama ukingoni unaona vizuri tundu la wavu wa chini upande wa mita 1.8, pH iko kati ya 7.2 na 7.8, na klorini imeshuka hadi ppm 5. Jumamosi hii watandikie mkeka upande wa pili wa nyumba, na lango la bwawa lifungwe kwa kufuli.